Vyoo vya Shule za Rumonge Visitengenezwe kwa Kubahatisha

Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac, kipindupindu si maradhi ya kusikiwa kutoka mbali. Yaliingia nchini mwaka 1978, wakati mlipuko mkuu wa saba wa dunia, ambao ulifika Afrika mwaka 1970, ulipolifikia eneo hili. Yakatulia kwa miaka 14. Kisha, kati ya Januari na Mei 1992, yakarudi kwa nguvu, na mara zote mbili yakashika miji na vijiji vilivyo karibu na ziwa na Mto Rusizi, yakiziacha sehemu nyingine za nchi. Katika mji wa Rumonge peke yake, mwaka huo wa 1992, watu 318 walilazwa hospitali.

Wataalamu waliochunguza maradhi hayo Rumonge waliwalinganisha wagonjwa 56 na watu 112 ambao hawakuugua. Hakuna chakula kilichoonekana kuwa na lawama. Kunywa maji ya ziwa kulikuwa na hatari yake, kama ilivyotazamiwa. Lakini sehemu iliyo kubwa zaidi ya wagonjwa ilihusishwa na kuoga ziwani. Vijidudu vya kipindupindu vilipatikana ndani ya maji ya ziwa lenyewe, na kadiri mtu alivyokaa karibu na ufuko ndivyo alivyokuwa katika hatari kubwa zaidi.

Habari hiyo, ingawa ina umri wa zaidi ya miaka 30, yapasa iwe mezani kila mara wakuu wa shule, viongozi wa komini na wafadhili wanapoketi kupanga ukarabati wa vyoo na mahali pa kunawia katika shule za Rumonge. Mtoto asiyepata choo shuleni huenda vichakani au ufukoni. Mvua hukichukua kinyesi hicho na kukipeleka ziwani. Saa nane mchana mtoto yuleyule, pamoja na wenzake, huingia ziwani kuoga, na jioni mama yake huosha vyombo papo hapo.

Askari wa jeshi au wa polisi anaweza kuuliza mambo hayo yanamhusu nini, kwa kuwa kazi ya vyoo vya shule ina wizara yake na wakuu wake. Jibu la kwanza ni kwamba watoto wa askari wanasoma katika shule hizo hizo, wakikaa dawati moja na watoto wa wavuvi na wa wakulima wa michikichi. La pili ni kwamba kambi haina ukuta unaozuia maji. La tatu ni kwamba hakuna watu waliolipa gharama kubwa kwa ajili ya vyoo vibaya kuliko watu wa majeshi. Katika mapigano ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1914 hadi 1918, wapagazi waliokufa wakilitumikia jeshi la Waingereza wanakadiriwa kufikia 95,000 hivi. Wengi wao hawakupigwa risasi hata moja. Waliuawa na maradhi, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa yaliyoongoza. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umechukua jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi hao. Tangu hapo kila jeshi linalojua kazi yake huchimba vyoo siku ileile linapopiga kambi, tena kwa kipimo.

Basi ni kipimo hicho kinachokosekana aghalabu shuleni. Mwaka 2005 serikali ya Burundi iliondoa ada katika shule za msingi, na watoto wakamiminika kwa wingi usiopata kuonekana. Katika Rumonge waliongezeka pia watoto wa familia zilizorejea kutoka Tanzania, ambako wazee wao walikimbilia mwaka 1972 na baadaye. Wananchi walijitolea Jumamosi baada ya Jumamosi, wakafyatua matofali na kusimamisha madarasa. Kazi hiyo inastahili sifa. Hata hivyo, darasa huonekana kutoka barabarani na choo hakionekani. Kwa hiyo mara nyingi darasa jipya lilijengwa na choo kikabaki kilekile.

Linapokuja fungu la fedha za ukarabati, kosa la kwanza ni kumwita fundi kabla ya kufanya hesabu. Fundi akiulizwa vyoo vinahitaji nini, atajibu kwa vitu anavyouza: mabati, milango, saruji na rangi. Milango itawekwa, rangi itapakwa, wageni watakuja na hotuba zitasomwa. Lakini shimo lililojaa chini ya sakafu halikujua kwamba kulikuwa na sherehe, na baada ya msimu mmoja wa mvua hali itarudi ilivyokuwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 juu ya shule zisizo na fedha nyingi, linataka tundu moja la choo kwa wasichana 25, na tundu moja kwa wavulana 50 pamoja na nusu mita ya ukuta wa kukojolea. Tanzania, ng'ambo ya kusini, imejiwekea masharti makali zaidi: tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kenya inasema 25 na 30. Ichukuliwe shule yenye watoto 1,000, nusu wasichana na nusu wavulana. Kwa kipimo kile cha Shirika la Afya, shule hiyo inahitaji matundu 20 ya wasichana, matundu 10 ya wavulana na ukuta wa mita 5, mbali na vyoo vya walimu.

Wapo watakaosema kwamba idadi hiyo ni ya anasa. Na watazame saa ya mapumziko. Mapumziko yakiwa ya dakika 15, na kila msichana akichukua dakika 2 kuingia, kufunga mlango, kujisaidia na kutoka, tundu moja litahudumia wasichana 7 kabla kengele haijalia. Matundu 4 yatahudumia 28. Hao wengine 472 wafanye nini? Baadhi watavumilia mpaka saa ya kwenda nyumbani, na mtoto anayevumilia hivyo hasikii tena somo la hesabu. Wengine watakwenda nyuma ya darasa. Afisa aliyewahi kuvusha kikosi kwenye kivuko chenye mtumbwi mmoja anaielewa hesabu hii bila kuchorewa ubaoni.

Shule zinazosomesha kwa zamu mbili zina hesabu ya ziada. Idadi ya matundu hupimwa kwa watoto walio shuleni kwa wakati mmoja, lakini kujaa kwa shimo, maji na sabuni hupimwa kwa watoto wote wa asubuhi na wa alasiri. Mipango mingi huchanganya hesabu hizo mbili, na shimo lililotarajiwa kudumu miaka kumi hujaa katika miaka mitano.

Baada ya hesabu ya watoto huja ukaguzi wa vyoo vilivyopo, na hapa hapana budi watu waende kwa miguu yao wenyewe. Taarifa iliyoandikwa ofisini haitoshi. Mkuu wa shule, fundi mwashi, mfanyakazi wa afya na mwalimu wa kike waingie kila choo, wakati wa mapumziko na tena wakati mvua inaponyesha. Waangalie nyufa katika sakafu, na wachunguze kama sakafu imelala juu ya magogo yanayooza, maana choo cha namna hiyo ni mtego wa kumwua mtoto. Waingize mti katika tundu kupima kina kilichobaki. Kinyesi kikiwa kimefika nusu mita chini ya sakafu, choo hicho hakikarabatiwi. Hufungwa, hufukiwa, au hutolewa taka zake kwa utaratibu kama kilijengwa kwa ajili hiyo. Hizo taka zisimwagwe mtoni wala ziwani hata usiku. Na kila mlango ujaribiwe kwa ndani. Komeo lisilofunga ni kitu kidogo katika makisio ya gharama, lakini kwa msichana wa miaka 13 ndilo linaloamua kama atakitumia choo au hatakitumia.

Juu ya wasichana yafaa kusema wazi, kwa kuwa katika vikao vya wanaume jambo hili hurukwa kwa haya. Msichana aliye katika hedhi anahitaji chumba chenye mlango, maji ndani ya chumba hicho, chombo cha kutupia chenye kifuniko, na mahali pa kuchomea mbali na macho ya watu. Asipovipata, siku hizo atabaki nyumbani, na siku hizo hurudi kila mwezi. Ni mwalimu wa kike atakayewauliza wasichana wakubwa wanataka nini, naye awaulize kabla mchoro haujapitishwa. Kadhalika, mtoto mlemavu anahitaji tundu moja lenye njia ya mteremko badala ya ngazi, mlango mpana, na bomba la kushikilia ukutani. Kuviweka wakati wa kujenga ni gharama ndogo. Kuviweka baadaye ni kubomoa.

Udongo wa Rumonge nao una masharti yake. Mji umekaa katika tambarare ya Imbo, na karibu na ufuko maji ya chini ya ardhi hayako mbali. Kanuni ni kwamba sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji hayo, na choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima chochote. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Shimo la majaribio huchimbwa Agosti, katikati ya kiangazi, kwa kuwa ndipo fundi anapopata nafasi. Linaonekana kavu, na kazi inaanza. Aprili ikifika, maji hupanda, shimo hugeuka kisima cha uchafu, na kilichomo hupata njia ya kuelekea ziwani. Shimo la majaribio lichimbwe Aprili au Mei, mwisho wa masika, wakati maji ya chini na maji ya ziwa yote yako juu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda mpaka likaingia katika nyumba na barabara za mwambao, Rumonge ikiwamo, na kupanda kwa namna hiyo hakukuwa mara ya kwanza, maana lilikuwa juu sana vilevile mwaka 1964. Mpango unaodhani kwamba ziwa litakaa mahali pake siku zote ni mpango mbovu.

Palipo na maji ya karibu, dawa ni kuinua choo badala ya kuchimba. Hujengwa masanduku mawili ya matofali na saruji juu ya ardhi, yasiyovuja, na kupandiwa kwa ngazi chache na ule mteremko uliotajwa. Sanduku moja hutumika mpaka lijae, kisha hufungwa na kupumzishwa muda usiopungua mwaka mmoja huku la pili likitumika. Baada ya hapo kilichomo huwa kimekauka na vijidudu vingi vimekufa, na hutolewa kwa koleo. Palipo na ardhi ya juu na kavu, choo cha shimo chenye bomba la hewa kinatosha. Choo cha namna hii kilitengenezwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, na ubora wake ni kwamba kinajua tabia ya nzi. Ndani ya chumba pana kiza, na juu ya bomba pana mwanga na wavu. Nzi aliyetoka shimoni huufuata mwanga, hukwama kwenye wavu na kufia hapo. Anayekarabati choo kama hicho kwa kutoboa madirisha makubwa ili kupate mwanga amekiharibu, ingawa nia yake ilikuwa njema.

Choo bila maji ya kunawa ni nusu ya kazi. Kipimo cha chini kwa shule ya kutwa ni lita 5 kwa mtoto kwa siku, za kunywa, kunawa na usafi. Watoto 1,000 wanahitaji basi lita 5,000, yaani madumu 250 ya lita 20 kila siku ya Mungu. Hakuna shule itakayobeba madumu hayo kichwani. Mji una mabomba ya Regideso, lakini mpangaji asiridhike kuona bomba. Aandike kwa mwezi mzima ni siku zipi maji yanatoka. Yakikosekana siku 2 mfululizo, tangi liwe la lita 10,000. Paa la madarasa nalo ni chanzo. Bati la mita 30 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 20, hutoa karibu lita 4,800 kabla ya kupungua njiani, endapo mifereji ya bati iko sawa. Kasoro yake ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Julai na Agosti watoto wako likizo, lakini mwezi wa Juni ni lazima utafutiwe maji kwa njia nyingine. Kuchota ziwani kwa ndoo na kuyaweka maji hayo kwenye mahali pa kunawia bila dawa ni kumrudisha mtoto kulekule alikokuwa akikatazwa kwenda.

Na sabuni? Rumonge ni nchi ya mawese. Mafuta ya michikichi yake hupikwa sabuni, na harufu ya kazi hiyo humfikia mpita njia. Ni vigumu kueleza kwa nini katika mji huo mtoto atoke chooni na kunawa maji matupu. Kamati ya wazazi inaweza kupatana na wapishi wa sabuni kwa kipande kadhaa kila juma, na gharama yake iandikwe katika bajeti ya shule kama inavyoandikwa chaki.

Radio ina ushahidi wake katika mambo haya. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya radio, ambapo karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza, wakajadiliana na kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Vyoo vingi vilipatikana kwa muda mfupi. Ila choo cha nyumbani kina mwenyewe, na cha shule kina watumiaji 1,000 wasio na mwenyewe kati yao. Ndiyo maana mpango wa ukarabati usiotaja jina la msafishaji haujakamilika. Wanafunzi wakubwa wanaweza kufagia na kumwaga maji kwa zamu, wavulana sawa na wasichana, wakiwa na brashi ndefu na kunawa baadaye. Kutumia usafi wa choo kama adhabu kunapaswa kukomeshwa. Katika kambi desturi hiyo inajulikana, na matokeo yake yanajulikana vilevile: anayesafisha kwa hasira husafisha mahali ambapo msimamizi anatazama. Kazi nzito ipewe mtu mzima anayelipwa, hata kama malipo ni madogo, naye apewe buti, glavu na dawa ya klorini.

Yote hayo yakiwekwa pamoja, mpango wa kweli huchukua mwaka mzima. Hesabu ya watoto hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa shule, Septemba. Vyoo hukaguliwa katika mvua za Novemba na tena za Machi. Shimo la majaribio huchimbwa Aprili, na mchoro hupitishwa Mei. Mafundi hufanya kazi Julai na Agosti, watoto wasipokuwapo. Na kazi ikizidi muda huo, hujengwa upande mmoja huku upande wa pili ukitumika, kwa kuwa shule haiwezi kukaa hata siku moja bila choo. Sehemu ya malipo ya fundi ibaki mikononi mwa komini mpaka masika moja ipite na sakafu ikaguliwe tena. Mji wa Rumonge, uliokuwa makao ya mkoa tangu 2015 na ambao tangu mageuzi ya mwaka 2025 uko katika mkoa wa Burunga, una komini iliyopanuliwa yenye shule nyingi za kuangalia. Afadhali itengeneze vyoo vya shule tatu kwa mwaka kwa namna hii kuliko kupaka rangi vya shule kumi na tano.

Askari wanaokwenda kwenye kazi za Jumamosi wana nafasi yao hapa, hasa wale wenye ujuzi wa uhandisi. Wanajua kupima mteremko, kusuka nondo na kuchanganya saruji kwa kipimo. Jumamosi ya Aprili inayotumika kuchimba shimo la majaribio la mita 3, na kuliacha siku chache lililofunikwa na kuzungushiwa uzio mpaka maji yajionyeshe, ina faida kuliko Jumamosi tano za kufyeka majani mbele ya shule. Na siku vyoo vitakapofunguliwa, funguo zisikae na mkuu wa shule peke yake, kwani kuna vyoo vizuri vinavyofungwa kwa kufuli vikingoja wageni huku watoto wakienda vichakani. Ufunguo mmoja uwe kwa mwalimu wa zamu na wa pili kwa msafishaji, na kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, milango yote iwe wazi na madumu ya kunawia yawe yamejaa.